Sanduku Chini ya Kitanda: Tulivyoamua Hatima ya Chama Chetu cha Maktaba

Kwa miaka minane nimelala juu ya chama. Katiba, hati ya usajili, vitabu vya risiti na mihtasari ya umoja wetu wa walimu wa maktaba vilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu hapa Basotu. Katibu aliyenitangulia alipohamishwa kikazi aliniachia mimi kwa sababu nyumba yangu haivuji. Sikupigiwa kura nyingine zaidi ya hiyo.

Wenzangu wa wilaya za jirani wamekuwa wakiniuliza tulifikaje kwenye uamuzi, maana nao wana masanduku yao. Nitaeleza tulivyofanya, na pale tulipoharibu pia.

Tulikuwa watu wa Basotu, Katesh, Endasak, Haydom na Dongobesh. Wawili tu walipitia chuo cha ukutubi Bagamoyo. Sisi wengine ni walimu tuliokabidhiwa ufunguo wa chumba cha vitabu juu ya vipindi vyetu vya kila siku. Hakuna aliyelipwa. Zamani ada ya uanachama ilitoka kwenye michango ya shule. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kila mmoja akabaki na mfuko wake, na mfuko wa mwalimu mnaujua. Daftari lilionyesha wanachama 31. Waliokuwa wakilipa ni 7.

Mkutano wa kuamua tuliupanga ufanyike Katesh, Desemba 2023. Tarehe 3 ya mwezi huo tope na mawe kutoka Mlima Hanang yakafunika sehemu ya mji, na hakuna aliyeuliza tena habari za katiba. Tulirudi kwenye jambo hili miezi mingi baadaye, tukiwa wapole zaidi.

Jambo ninalomsihi kila mtu: fungueni sanduku kabla ya kufungua mjadala. Sisi tulibishana kwenye simu mwaka mzima kuhusu malengo ya chama bila kujua kama chama chenyewe kipo. Siku nilipozimwaga karatasi mezani ndipo nilipoona. Kati ya watia saini watatu wa benki, mmoja amefariki, mmoja yuko Tunduru, wa tatu ni mimi. Makato yalikuwa yameila akaunti hadi ikabaki shilingi 214,600. Taarifa za mwaka kwa Msajili wa Jumuiya, kule Wizara ya Mambo ya Ndani, zilikoma zamani, na chama kikishasajiliwa kinadaiwa taarifa hizo hata kama wanachama wake wamelala usingizi. Aibu yangu kubwa ilikuwa nyingine: sisi, watu wa kupanga karatasi za wengine, mihtasari yetu ilikuwa imechanganyika na risiti za dawa ya ng'ombe.

Kisha angalieni akidi. Katiba yetu ilitaka nusu ya wanachama, yaani watu 16, na tangu nijiunge sijawahi kuona watu 16 chumba kimoja. Hatukuivunja katiba. Ilikuwa na kifungu kinachosema asiyelipa miaka miwili huondolewa daftarini baada ya kupewa notisi. Tukamwandikia kila mmoja ujumbe wenye tarehe ya mwisho. Watano wakalipa malimbikizo, wengine wakanyamaza. Tukabaki 12, na nusu ya 12 inapatikana hata wakati wa mavuno ya ngano.

Halafu tukabandika karatasi ya manila ukutani. Upande mmoja tuliandika kila kazi iliyofanywa na chama miaka mitatu iliyopita, upande wa pili jina la aliyeifanya. Malengo hatukuyagusa, maana malengo ya katiba ni mazuri daima. Semina: hakuna. Jarida: hakuna. Uchaguzi: hakuna. Sanduku la vitabu linalozunguka kutoka shule hadi shule kwa kudandia magari ya watu: lipo, halijawahi kukosa muhula, na linaendeshwa na walimu wawili ambao hata kwenye kamati hawamo. Tulikaa kimya tukiitazama ile karatasi. Kumbe chama kilikuwa upande mmoja na kazi upande mwingine.

Hapo nilikumbuka historia ya wakubwa zetu. Wakutubi wa Kenya, Uganda na Tanzania walikuwa na chama kimoja cha Afrika Mashariki tangu miaka ya 1950. Mwaka 1972 wakakivunja, miaka mitano kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe kuvunjika, na kila nchi ikabaki na chama chake. Lakini kukutana hawakukuacha. Mwaka 1974 walifanya Dar es Salaam mkutano wa kwanza wa ule uliokuja kukua na kuwa SCECSAL, mkutano wa wakutubi wa mashariki, kati na kusini mwa Afrika, ambao bado huzunguka nchi hadi nchi. Waliokoa kile walichokihitaji, wakaacha ganda. Niliwasimulia wenzangu kisa hiki na nadhani kiliwaondolea hofu ya neno "kuvunja".

Siku ya mkutano chagueni Jumamosi isiyo ya mnada, nje ya masika, na nauli ya watu wa mbali ijulikane itatoka wapi. Ila kilichotuamulia kilikuwa swali. Mwenyekiti aliuliza, "Nani anataka chama kiendelee?" Mikono yote juu, na wangu ukiwemo. Mwalimu kijana kutoka Haydom akaomba nafasi: "Mwalimu, ukiniuliza kama nakipenda chama, nakipenda. Ukiniuliza kama nitashika kitabu cha risiti hadi Desemba, siwezi." Swali likabadilishwa: nani atashika kitabu cha risiti, nani atapeleka taarifa kwa Msajili, nani atakuwa katibu? Hakuna mkono uliopanda. Tukapiga kura ya kukifunga: tisa kati ya kumi waliofika. Wanaotaka chama cha kitaaluma watajiunga mmoja mmoja na chama cha wakutubi cha taifa. Sanduku la vitabu litaendelea bila kamati.

Sasa pale nilipoharibu. Kabla ya mkutano, mwasisi wetu, mzee mstaafu wa hapa Basotu, alizisikia habari za kufunga chama akiwa mnadani, kutoka kwa muuza mbuzi. Kesho yake nilikwenda kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunipa taarifa au kuniomba ruhusa?"

Sikuwa na jibu. Nikakaa, nikaletewa chai, naye akaniuliza habari za kila shule kwa jina, kila kabati. Kuhusu chama hakuuliza kitu. Mkutanoni hakuja, ila alimtuma mjukuu wake na muhuri wa zamani tuliodhani umepotea. Kama nyinyi mna mwasisi aliye hai, nendeni kwake kabla hamjaandika ajenda. Mtu asisikie mnadani kwamba kitu alichokijenga kinafungwa.

Yaliyobaki ni kazi ya miguu: muhtasari uliosainiwa, barua kwa Msajili, safari tatu za benki kwa ajili ya saini ya marehemu, na fedha zilizobaki kwenda pale katiba inapoelekeza. Yetu ilisema zinunue vitabu. Karatasi tumezifunga kwa mafungu, tukaziorodhesha, na ziko kabatini kwenye maktaba ya shule, kila fungu na mwaka wake.

Lile sanduku la bati nimeshalitoa chini ya kitanda. Limejaa vitabu vya kidato cha pili, na wiki hii liko Haydom.