Sarufi ya Ushawishi katika Matangazo ya Vyakula

Mwanafunzi husikia matangazo redioni na kuyasoma dukani muda mrefu kabla hajafungua kitabu cha sarufi. Kwa sababu hiyo, tangazo ni matini mwafaka ya kufundishia. Katika somo hili tutaonyesha kwamba ushawishi mara nyingi haumo katika yale yanayosemwa, bali katika yale ambayo sentensi imeyaacha.

Tulichunguze tangazo hili, ambalo tumelitunga kwa ajili ya somo:

"Mama anayejali humpa mwanawe maziwa ya unga ya Nyotanjema. Yana virutubisho zaidi. Yamethibitishwa. Usimnyime mwanao nguvu!"

(a) Kiambishi hu-. Kiambishi hiki hakiandamani na kiambishi cha nafsi wala cha wakati. Ndiyo maana methali hukipenda: Haba na haba hujaza kibaba. Hapa kinaipa kauli ya muuzaji sauti ya ukweli wa siku zote. Kirejeshi katika "anayejali" nacho kinawagawa akina mama makundi mawili. Asiyenunua anajikuta katika kundi la wasiojali, ingawa hakuna aliyemtaja.

(b) Ulinganishi usiokamilika. "Zaidi" hudai "kuliko". Zaidi kuliko nini? Kuliko uji, au kuliko maziwa ya mama?

(c) Kauli ya kutendwa bila mtenda. Yamethibitishwa na nani? Tena, ni jambo gani lililothibitishwa?

(d) Amri kanushi. Mtu hunyimwa kile anachostahili kupewa. Kwa kitenzi hicho, kutonunua kumegeuzwa kuwa kosa dhidi ya mtoto.

Tuzingatie kwamba hakuna sentensi hata moja yenye kosa la kisarufi. Mwalimu anayesahihisha makosa tu hataona lolote hapa.

Nalo jambo lenyewe si dogo. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha Kanuni za Kimataifa kuhusu uuzaji wa bidhaa zinazotumika badala ya maziwa ya mama. Kanuni hizo zinataka bidhaa hizo zisitangazwe kwa umma, na makopo ya maziwa ya watoto wachanga yasiwe na picha za watoto hao. Unga ukikorogwa kwa maji yasiyo safi, au ukipunguzwa ili kopo lidumu, mtoto huweza kuugua. Shirika hilo linashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza. Hata hivyo, wako akina mama wanaohitaji maziwa ya unga kwa sababu za afya. Tunapofundisha, tulihukumu tangazo, tusimhukumu mama.

Njia tunayopendekeza ni kurudisha kilichoachwa. Wanafunzi waandike upya: "Kampuni inayouza maziwa haya inasema kwamba yana virutubisho zaidi kuliko ..., na kwamba ... imethibitishwa na ...". Wakishindwa kujaza nafasi hizo kutokana na tangazo lenyewe, watakuwa wamegundua wenyewe mahali ushawishi ulipojificha.

Tahadhari moja inahitajika. Si kila kuacha ni hila. Anayesema "Ugali umepikwa" hafichi mpishi. Msikilizaji anataka kula tu. Kipimo ni hiki: je, msikilizaji anahitaji kilichoachwa ili aamue vyema? Akiwa anakihitaji, basi ukimya huo una kazi.

Zoezi

1. Kusanya matangazo mawili ya vyakula au vinywaji yanayosikika katika eneo lako. Katika kila moja, bainisha kauli za kutendwa zisizo na mtenda na ulinganishi usiokamilika.

2. Chagua tangazo la lugha nyingine ya eneo lako, ulitafsiri kwa Kiswahili. Je, kilichoachwa katika lugha ya awali kimebaki kimeachwa?

3. Tunga tangazo la maharage au mihogo litakalomvutia mnunuzi bila kumficha jambo analolihitaji ili aamue.