Ulevi: Je, ni Urithi au ni Malezi?

1. Neno lisemwalo vijijini

Katika vijiji vya Kasongo na Kabambare, mtu akishindwa kuacha lotoko, ile pombe kali ya mihogo na mahindi, watu husema: "Baba yake alikuwa mlevi, ndiyo damu yao." Wengine hunena kwamba ukoo umelaaniwa, nao huwakataza binti zao wasiolewe humo. Maneno hayo yana ukweli kidogo na uongo mwingi.

2. Yatokayo katika damu

Mwaka 1973 daktari Donald Goodwin na wenzake walitangaza uchunguzi wao wa nchi ya Denmark. Waliwatazama wana wa walevi waliotengwa na wazazi wao wakingali wachanga, wakalelewa na watu wengine. Walipokuwa watu wazima, ulevi ulionekana kwao karibu mara 4 kuliko kwa wana wa kulelewa ambao wazazi wao hawakuwa walevi.

Basi kuna kitu kirithiwacho. Lakini si ulevi wenyewe. Ni udhaifu tu. Kwa mfano, yuko ambaye mwili wake haulewi upesi, naye hunywa sana kabla ya kuonywa na mwili wake. Walakini asiyekunywa kamwe hawezi kuwa mlevi, hata baba na babu wakiwa walevi.

3. Yatokayo nyumbani

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walitangaza habari za watu wazima wa California waliohojiwa juu ya utoto wao: kama walipigwa, walitukanwa, walinajisiwa, au walimwona mama akipigwa. Katika watu 100 wasiopatwa na taabu hizo, walevi walikuwa kama 3. Katika 100 waliopatwa na taabu za namna 4 au zaidi, walikuwa 16.

Taabu hizo zajulikana Maniema pia. Vita vya mwaka 1996 na 1998 vilipita Kasongo na Kabambare, na watoto wengi walikulia katika kukimbia. Tena mama mwingine hupika lotoko ili apate fedha za masomo. Asidharauliwe kwa jasho lake. Lakini asimpe mtoto aonje. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15, kama 40 katika 100 walifungwa na pombe. Walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, kama 10 tu.

4. Wajibu wa kila mtu

Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi waliuliza ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu. Yesu hakumhesabia kosa mtu yule wala wazazi wake. Vivyo hivyo mtoto wa mlevi hana hatia kwa damu yake; ana onyo. Mwenye shamba kando ya mto Luama halikimbii shamba lake, bali huyaangalia maji.

Mlevi wa siku nyingi asinyimwe pombe ghafla kwa nguvu, kwa maana aweza kutetemeka na kushikwa na kifafa, hata kufa. Apelekwe hospitali.

Maswali

1. Ni kitu gani mtoto aweza kurithi kwa mzazi mlevi?
2. Kwa nini mtoto asionjeshwe lotoko?
3. Je, ni haki kumkataa mchumba kwa sababu baba yake ni mlevi?