SOMO LA WANACHAMA: SEVA NYINGI NYUMA YA ANWANI MOJA



Zamani daftari la mizani, leja ya wanachama na kitabu cha fedha vilikaa katika kabati moja lenye kufuli, na ufunguo ukawa mikononi mwa katibu. Siku hizi sehemu ya kumbukumbu hizo imehamia katika kompyuta, na mkulima anaweza kutazama hesabu ya mazao yake kwa simu ya mkononi akiwa shambani. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo ndilo somo letu la leo: Chama Kikuu kina seva tatu, lakini kampuni ya intaneti imekipa anwani moja tu. Je, seva zote zitafikiwaje? Na je, mlango huo mmoja hautahatarisha siri na fedha za wanachama?

Jibu kwa ufupi ni hili: seva nyingi zaweza kutumia anwani moja bila kuchanganyikiwa, mradi pawepo bawabu mmoja anayejua jina la kila seva, na mradi kamati imsimamie bawabu huyo kama inavyomsimamia mtunza fedha. Tufafanue hatua kwa hatua.

1. Kwa nini anwani ni haba

Anwani ya intaneti ya toleo la nne, ambayo ndiyo iliyozoeleka, huandikwa kwa namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila namba ikiwa kati ya 0 na 255. Kwa hesabu hiyo, anwani zote za dunia haziwezi kuzidi 4,294,967,296. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu ya mwisho ya anwani hizo yaligawiwa kwa masjala tano za kanda za dunia. Masjala ya Afrika ni AFRINIC, yenye makao yake Mauritius. Tangu wakati huo anwani zimekuwa kama ardhi ya kijiji iliyokwisha kugawiwa: anayehitaji zaidi hana budi kununua, kukodi, au kushirikiana na wenziwe.

Kabla ya hapo, mwaka 1996, yalikwisha kuthibitishwa mafungu matatu ya anwani za ndani ambazo kila ofisi inaruhusiwa kuzitumia bila kuomba kibali. Nazo ni zile zinazoanza na 10. Zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31, na zile zinazoanza na 192.168. Anwani hizi hazipiti katika intaneti ya nje. Zafanana na namba za vyumba: chumba namba 3 kimo katika majengo mengi, na barua iliyoandikwa "Chumba namba 3" pasipo kutaja jengo haitafika kokote.

Lipo pia toleo la sita la anwani, lenye nafasi kubwa kiasi kwamba kila seva yaweza kupata anwani yake. Lakini si kila mtandao wala kila simu inayolitumia, na kwa hiyo anayetaka kufikiwa na wanachama wote bado anahitaji anwani ya toleo la nne.

2. Mfano wa Sanduku la Posta

Kila katibu analifahamu Sanduku la Posta la Chama Kikuu. Sanduku ni moja, lakini barua zake ni za meneja, za mhasibu, za bwana ghala, na pengine za vyama vya msingi visivyo na sanduku. Hazipotei, kwa sababu kila bahasha ina jina la mpokeaji, na karani wa masjala hulisoma jina hilo na kuipeleka barua panapostahili.

Seva nazo ni vivyo hivyo. Sanduku ni anwani ya intaneti. Jina la mpokeaji ni jina la tovuti. Na karani wa masjala ni seva ya mbele, ambayo mafundi huiita proksi ya kinyume. Sisi tutaiita bawabu.

Tuchukue mfano. Anwani ya nje ya Chama Kikuu iwe 203.0.113.25, namba iliyomo katika fungu lililotengwa kwa ajili ya mafundisho tu. Ndani ya ofisi, bawabu yuko 192.168.10.2. Seva ya habari za Chama iko 192.168.10.11, seva ya mizani na malipo ya mazao iko 192.168.10.12, na seva ya akiba na mikopo iko 192.168.10.13.

3. Njia ya kwanza: milango yenye namba

Kila anwani ina milango yenye namba, hadi 65535. Kwa desturi, tovuti husubiri wageni katika mlango namba 80 kwa mawasiliano ya wazi, na namba 443 kwa mawasiliano yaliyofungwa kwa siri. Ruta yaweza kuelekezwa hivi: anayebisha mlango 443 apelekwe kwenye seva ya habari, mlango 8443 kwenye seva ya malipo, na mlango 9443 kwenye seva ya akiba.

Njia hii ni rahisi, lakini ina kasoro tatu. Kwanza, mwanachama hana budi kukumbuka namba ya mlango, naye amezoea kuandika jina tu. Pili, baadhi ya ofisi huzuia milango isiyo ya kawaida, na hivyo mgeni aliye huko hatapita. Tatu, kila seva imewekwa barabarani, na kila moja lazima ilindwe peke yake. Njia hii yafaa kwa majaribio, lakini haifai kwa kazi ya kudumu ya chama.

4. Njia ya pili: bawabu asomaye majina

Hapa ruta huelekeza milango ya 80 na 443 kwa bawabu peke yake. Katika daftari la majina la intaneti huandikwa majina matatu, yaani la habari, la malipo na la akiba, yote yakielekea anwani ile ile moja. Mwanachama aandikapo jina la malipo, simu yake hufika kwa bawabu na kulitaja jina hilo. Bawabu hutazama orodha yake, huipeleka hoja kwa 192.168.10.12, hupokea jibu, kisha hulirudisha kwa mwanachama. Mwanachama haijui seva ya ndani wala haigusi moja kwa moja.

Jambo hili liliwezekana kwa sababu kanuni za mawasiliano ya tovuti zilizotolewa mwaka 1997 zilimlazimisha kila mgeni kutaja jina la tovuti aitakayo. Likabaki tatizo la mawasiliano ya siri: bahasha ikiwa imefungwa, bawabu atajuaje ni cheti cha tovuti ipi anachopaswa kuonyesha? Mwaka 2003 ilitolewa kanuni ya kuliandika jina juu ya bahasha, nje ya siri yenyewe, na leo vivinjari vyote vya kawaida huifuata.

Programu za kufanyia kazi hii zapatikana bila kununua leseni. Miongoni mwa zinazotumika sana ni Apache, nginx na HAProxy. Kompyuta ya kiasi yatosha kwa bawabu wa chama, kwa kuwa kazi yake ni kupokea na kupitisha, wala si kukokotoa hesabu.

5. Kugawana zamu

Msimu wa malipo ufikapo, wanachama wengi hufungua ukurasa wa malipo kwa saa moja. Bawabu aweza kuwa na seva mbili za malipo nyuma yake, akazipa hoja kwa zamu, au akaipa ile yenye kazi chache kwa wakati huo. Kadhalika huzichungulia kila baada ya sekunde chache. Isiyojibu huiondoa katika zamu hadi ipone.

Lakini tahadhari! Makarani wawili wenye leja mbili tofauti watatoa salio mbili tofauti kwa mwanachama mmoja. Seva mbili za malipo hazina budi kusoma na kuandika katika hifadhi moja ya kumbukumbu. Bila hivyo, kugawana kazi kutakuwa kugawanya hesabu, na hilo katika ushirika ni mwanzo wa ugomvi.

6. Mambo ambayo kamati yapasa kuyasimamia

(a) Anwani iwe ya kweli. Kabla ya kutia saini mkataba, ulizeni kama anwani mtakayopewa ni ya nje na ya kudumu. Kampuni nyingi, hasa za simu, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya kampuni. Fundi atazame anwani ya upande wa nje wa ruta yenu. Ikiwa imo katika mafungu ya ndani tuliyoyataja, au iko kati ya 100.64 na 100.127, basi mko nyuma ya mlango wa mwingine, na wageni hawatawafikia kwa njia za somo hili.

(b) Asiye na jina asiingie. Mgeni akitaja namba ya anwani tu, au jina lisilomo katika orodha, bawabu asiyepewa maagizo aweza kumpeleka kwenye seva ya kwanza katika orodha yake. Agizeni kwamba mgeni wa namna hiyo akataliwe. Barua isiyo na jina haifunguliwi mezani kwa mhasibu.

(c) Daftari la wageni. Kwa kuwa kila hoja hupitia kwa bawabu, seva ya malipo huona kana kwamba wageni wote wametoka 192.168.10.2. Siku ya ukaguzi, tukiuliza salio fulani lilibadilishwa kutoka wapi, daftari litataja bawabu tu, na uchunguzi utaishia hapo. Dawa yake ni bawabu kuandika anwani halisi ya mgeni juu ya kila hoja anayoipitisha, na seva za ndani kuiandika katika daftari lao. Tena seva zikubali maandishi hayo yatokapo kwa bawabu peke yake, na bawabu afute yale ambayo mgeni ameyaandika mwenyewe, kwani mwongo aweza kuandika anwani isiyo yake.

(d) Hifadhi ya kumbukumbu isifunguliwe nje. Fundi aweza kuomba kufungua mlango wa hifadhi ili afanye kazi akiwa nyumbani. Msikubali. Aingie kwa njia ya siri iliyothibitishwa, kwa jina lake mwenyewe, na ruhusa yake iandikwe. Tukumbuke kwamba nchini Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, humtwisha mwenye kukusanya taarifa za watu wajibu wa kuzilinda.

(e) Vyeti visipitwe na wakati. Huduma ya Let's Encrypt, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2015, ilianza kutoa bila malipo vyeti vya siku 90, na mwelekeo wa dunia ni kuvifupisha zaidi. Kwa hiyo upyaishaji ufanywe na programu yenyewe, na mtu mmoja atajwe wa kuuhakikisha. Cheti kikipitwa na wakati kwa bawabu, tovuti zote tatu zaweza kuonekana za mashaka kwa siku moja.

(f) Bawabu akianguka, wote wameanguka. Huu ndio udhaifu mkubwa wa njia hii. Chama chenye uwezo kiweke bawabu wa pili, ambaye huipokea anwani ile ile mara wa kwanza anyamazapo. Asiwe katika waya uleule wa umeme, la sivyo watalala pamoja. Chama kisicho na uwezo kiwe angalau na nakala ya maagizo ya bawabu, iliyohifadhiwa mahali pengine, na kompyuta ya akiba.

(g) Bawabu husoma siri. Ili ajue la kufanya, yeye huifungua bahasha iliyofungwa. Mwenye nywila ya bawabu aweza kuona yapitayo. Nywila hiyo isiwe ya mtu mmoja asiyejulikana na kamati, wala ya kampuni iliyomaliza mkataba wake.

7. Maswali ya kujadili katika kikundi

(1) Chama chenu kina seva ngapi, na nani kati yenu aweza kuzitaja pamoja na kazi zake?
(2) Je, anwani mnayolipia ni ya nje na ya kudumu? Mkataba unasemaje?
(3) Bawabu akizimika siku ya malipo, mwanachama atapataje hesabu yake siku hiyo hiyo?
(4) Nani ana nywila ya bawabu, na iliandikwa katika muhtasari wa kikao gani?

Ndugu Katibu, usione haya ikiwa swali la nne halina jibu kwa sasa. Liweke katika ajenda ya kikao kijacho, na jibu lake liandikwe katika muhtasari kabla msimu wa mazao haujaanza.