Samaki Anaumwa? Anza na Maji

Ukifika duka la samaki wa mapambo na kilio cha samaki mgonjwa, muuzaji anayejua kazi yake hagusi rafu ya dawa. Anakuuliza kwanza: tangi lina muda gani? Lina lita ngapi? Maji umebadilisha lini? Ambaye haulizi chochote, anakukabidhi tu kichupa cha dawa ya bluu na kukwambia "matone kumi", huyo mshukuru uende zako. Samaki anakula, anapumua na kujisaidia ndani ya maji yale yale, kwa hiyo mara nyingi kinachoumwa ni maji, yeye anaonyesha dalili tu.

1. Wakipanda juu kuvuta hewa, badili maji kwanza, maswali baadaye

Midomo iko juu ya maji, matamvua yanapiga haraka haraka. Hapo ama oksijeni imepungua, ama maji yamejaa amonia au nitriti. Huduma ya kwanza ni moja: toa theluthi ya maji, weka mengine yaliyoandaliwa yenye joto linalolingana, na ongeza hewa. Huna pampu ya ziada? Chota maji ya tangi kwa jagi na uyamimine kutoka juu, mara nyingi. Ni kazi ya kuchosha, lakini inaokoa.

Joto nalo lina mkono wake. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubaki kama 7.5. Ndiyo maana tangi lililojaa samaki, ambalo Julai halikuwa na shida, Februari ya Dar es Salaam linaanza kukohoa. Beta na gurami usiwahesabu hapa, hao wana kiungo cha kuvutia hewa ya juu na kupanda ni kawaida yao.

2. Tangi jipya lipe wiki zake

Kinyesi na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu pia. Kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia isipozidi sana. Bakteria hawa huchukua kama wiki nne hadi sita kujijenga kwenye filta na mchanga. Ukinunua tangi Jumamosi na kulijaza samaki kumi Jumapili, usishangae kuanza mazishi Ijumaa.

Katikati ya kipindi hicho maji yanaweza kuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Usiyamwage yote kwa hasira. Punguza chakula, usiongeze samaki, badilisha kiasi kidogo kila baada ya siku moja au mbili. Njia ya mkato iliyo halali ni kuomba kipande cha sponji chafu kutoka kwenye filta ya rafiki ambaye samaki wake wana afya. Uchafu ule ndio mtaji.

3. Jua maji yako yanatoka wapi

Maji ya bomba yana klorini, inayounguza matamvua na kuua bakteria wako. Yaache kwenye ndoo isiyofunikwa kwa saa 24, au yapige hewa kwa pampu ili itoke mapema. Kama mamlaka ya maji ya mji wako inatumia kloramini badala ya klorini, kusubiri hakusaidii. Nunua dawa ya kuondoa klorini. Maji ya boza au ya simtanki yahesabu kama ya bomba, kwani hujui nani katia nini.

Maji ya kisima hayana klorini, lakini visima vingi vya pwani vina chumvi na madini mengi. Kabla ya kulaumu kisima, angalia umefuga nini. Wale samaki wa rangi wa jamii ya perege kutoka Ziwa Tanganyika, wanaovuliwa Kigoma na kusafirishwa duniani kote, wamezoea maji magumu yenye pH inayokaribia 9, hivyo kisima kisicho na chumvi nyingi kinaweza kuwafaa. Tetra wadogo wa Amazon wanataka kinyume chake. Kuwaweka wote tangi moja ni kuchagua nani afe kwanza. Maji ya mvua matupu hayana madini ya kushikilia pH, kwa hiyo yachanganye na mengine.

4. Filta haioshwi bombani

Sponji iminye ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini mwenyewe siku ya kubadilisha, basi. Sabuni ni marufuku, hata ile "kidogo tu".

5. Usimwage maji yote, hasa tangi likiwa limesahaulika muda mrefu

Huu ndio mtego unaowanasa wenye bidii. Tangi lisilobadilishwa maji kwa miezi huwa na asidi, na kwenye maji ya asidi amonia hukaa katika umbo lisilodhuru sana. Unarudi safari, unaona aibu, unamwaga robo tatu na kujaza maji mapya yenye pH ya juu. Amonia iliyobaki hugeuka kuwa ile kali, na usiku huo huo unapoteza samaki waliokuwa wamestahimili uchafu wote ule. Badilisha asilimia 10 kwa siku kwa wiki nzima. Tangi likitengemaa, robo kila wiki inatosha, huku ukivuta uchafu wa chini kwa mpira.

6. Madoa meupe: dawa haimuui mdudu akiwa mwilini

Samaki anaonekana kama kanyunyiziwa chumvi, anajikuna kwenye mawe, mapezi ameyabana. Hiki ni kimelea kinachojificha chini ya ngozi, hakifikiwi na dawa. Kikikomaa kinadondoka chini ya tangi, kinazaana kwa mamia, na watoto wake wanaogelea kutafuta samaki. Ni hao waogeleaji tu ndio dawa inawaua. Kwa hiyo siku madoa yanapotoweka ndipo vita imefika katikati, na ndipo watu wengi wanapoacha. Endelea hadi siku 10 au 14 zitimie.

Joto huharakisha mzunguko wa kimelea, hivyo kinafika mapema hatua ambayo dawa inakipata. Aliye Nairobi, Arusha au Mbeya, ambako maji ya sebuleni hushuka chini ya nyuzi 20 usiku wa Julai, anunue hita. Baridi ndiyo iliyowadhoofisha samaki wa joto tangu mwanzo. Pandisha polepole, nyuzi moja au mbili kwa siku, mpaka karibu 30, na ongeza hewa. Goldifishi, ambao ni samaki wa baridi, usiwapeleke huko juu.

Chumvi isiyo na viungo, gramu 1 hadi 3 kwa lita, inasaidia. Pima tangi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 1,000, upate lita. Tangi la 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54, halafu punguza kwa ajili ya mchanga na mawe. Yeyusha chumvi pembeni na uiingize kwa awamu ndani ya siku mbili. Kambare wa mapambo na mimea haiipendi, nenda nayo taratibu. Ukitumia dawa ya dukani, toa kwanza mkaa wa filta, la sivyo utainyonya dawa yote.

7. Mengine kwa kifupi

Mapezi yanaliwa kingo: maji safi kwanza, dawa ikibidi. Goldifishi anaelea upande: mnyime chakula siku mbili, kisha mpe njegere iliyochemshwa na kumenywa. Tumbo limevimba na magamba yamesimama: mtenge, lakini usijipe matumaini makubwa. Maji ya kijani: mwani umepata mwanga na chakula kingi, sogeza tangi mbali na dirisha na punguza mkono kwenye kopo la chakula. Wape wanachomaliza ndani ya dakika mbili. Vidonge vya binadamu vilivyobaki kabatini viache huko huko.

8. Dawa ya mbu

Nyumbani kwetu kila mtu anajua kufunika sufuria kabla ya kupuliza dawa ya mbu. Tangi nani analikumbuka? Dawa nyingi za kupuliza zina viuadudu ambavyo kwa samaki ni sumu kali hata kwa kiasi kidogo. Kufunika peke yake hakutoshi, maana pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba na kuisukuma moja kwa moja majini. Zima pampu, funika kwa kitambaa chenye maji, pulizia chumba kingine ukiweza, fungua madirisha, kisha washa. Samaki wote wakifa asubuhi moja bila doa wala kidonda, mshukiwa wa kwanza ni huyo.

9. Umeme ukikatika

Usilishe. Pampu ndogo ya betri haina bei kubwa, iwe nayo. Saa moja mbili si neno, ila filta ya kopo iliyofungwa ikikaa masaa mengi bila maji kupita, bakteria wa ndani hufa na maji yake huoza. Kabla ya kuiwasha, mwaga yaliyomo na suuza kwa maji ya tangi.

10. Mgeni akae pembeni

Samaki mpya akae wiki mbili hadi nne kwenye beseni lenye sponji na hewa. Mfuko wake uelee majini dakika 15 hadi 20, kisha mtoe kwa kinyavu. Maji ya mfuko yamwage chooni, yasiingie tangini.

11. Ukichoka, usimpeleke mtoni

Samaki wa dukani anaweza kubeba vimelea visivyojulikana mtoni humo, au akastawi kupita kiasi. Sangara alipandikizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na furu waliokuwa wamejaa humo hawajarudi kama zamani. Mrudishe dukani au mpe shule yenye tangi, pamoja na filta yake ikiwa bado chafu.