Herufi Iliyopoteza Nukta: Vimeng'enya Vinavyosahihisha DNA



Somo hili limetokana na swali la kijana mmoja wa darasa la jioni, ambaye asubuhi yuko sekondari. Alikuja na daftari lake la baiolojia akaniuliza: "Ustadhi, hapa imeandikwa DNA ina besi nne: adenini, guanini, sitosini na timini. Lakini RNA inatumia yurasili mahali pa timini. Kwa nini zote mbili zisitumie moja tu?" Nikamjibu kwamba ndivyo ilivyo. Hakuridhika, na kwa kweli hata mimi sikuridhika. Diploma yangu ni ya masomo ya Kiislamu, basi nikamwendea rafiki yangu anayefundisha baiolojia, tukakaa baada ya Isha mpaka chai ikapoa.

Tuanze na jambo ambalo wengi hatulijui. Tunadhani DNA ni kitu imara kama jiwe. Sivyo. Ndani ya seli mna maji, mna joto la mwili, na mna oksijeni, na vyote hivi huila DNA kidogo kidogo hata kwa mtu mzima wa afya. Katika kila seli moja, kila siku, maelfu ya besi hudondoka au kuharibika. Mtu mwenye kuvuta sigara huongeza madhara hayo kwa mkono wake mwenyewe.

Madhara ya maji ndiyo yanayojibu swali la kijana wetu. Sitosini ina kikundi kidogo chenye naitrojeni. Maji yakikiondoa kikundi hicho, sitosini hugeuka kuwa yurasili. Hili hutokea mara mia na zaidi kwa siku katika seli moja.

Sasa, enyi mnaoanza juzuu, fikirini herufi bee, tee na thee. Zikiwa mwanzoni mwa neno umbo lake ni moja, na kinachozitenganisha ni nukta. Mwenzako akiandika tee akasahau nukta zake, unaona kijino kitupu, na papo hapo unajua pana kosa, kwa sababu katika alifu-bee-tee yetu hakuna herufi ya kijino kisicho na nukta. Lakini akiandika shini akasahau nukta tatu, inakuwa sini. Hiyo ni herufi halali! Utaisoma na kupita, na maana imeshabadilika.

Yurasili ndani ya DNA ni kile kijino kitupu. Haina haki ya kuwapo pale, kwa hiyo popote inapoonekana ni kosa. Timini kwa umbo ni yurasili iliyotiwa alama ndogo, yaani kaboni moja na hidrojeni tatu. Laiti DNA ingetumia yurasili kama herufi yake ya kawaida, msahihishaji asingeweza kujua ipi ni ya asili na ipi ni kosa.

Na msahihishaji yupo. Mwaka 1974 mwanasayansi wa Sweden, Tomas Lindahl, alieleza kimeng'enya kinachoondoa yurasili kwenye DNA. Hupita juu ya uzi wa DNA, na besi ya yurasili hupinduliwa nje ya uzi ikaingia katika kishimo chake. Timini haiingii, ile alama yake huizuia. Yurasili ikiingia, hukatwa. Kimeng'enya cha pili hukata uti wa uzi mahali palipobaki pengo, cha tatu hutia besi sahihi, cha nne huunga. Hicho cha tatu huijuaje besi sahihi? DNA ina nyuzi mbili zinazotazamana: adenini hukaa na timini, guanini hukaa na sitosini. Uzi wa pili ndio nakala ya kusahihishia.

Lindahl alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015 pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar. Huyu Sancar, aliyechunguza jinsi seli inavyotengeneza madhara ya jua, alizaliwa mwaka 1946 katika mji mdogo wa Savur nchini Uturuki, kwa wazazi ambao hawakusoma shule. Wazazi wenzangu, na tulione hilo.

Kosa la shini kuwa sini nalo lipo. Baadhi ya sitosini tayari zina ile alama, na maji yakizila huwa timini halisi. Viko vimeng'enya vya kulikabili kosa hili pia, lakini kazi yao ni ngumu zaidi, na sehemu hizo za DNA hubadilika mara nyingi kuliko nyingine.

Nilipomweleza hayo, kijana akaja na swali jingine: "Na kimeng'enya chenyewe kikiharibika, Ustadhi?" Seli hutengeneza kingine kwa kufuata jeni yake. Balaa ni pale jeni yenyewe inapokuwa na kosa.

Mwaka 2002 kundi la watafiti huko Cardiff, Wales, akiwamo Nada Al-Tassan kutoka Saudi Arabia, lilieleza habari za ndugu watatu wa familia moja waliokuwa na vinyama vingi katika utumbo mpana. Jeni yao ya MUTYH ilikuwa na kosa katika nakala zote mbili, ya baba na ya mama. Kimeng'enya cha jeni hiyo huondoa adenini iliyowekwa kimakosa mbele ya guanini iliyoharibiwa na oksijeni. Kisipofanya kazi makosa hulimbikizana, na vile vinyama huweza kugeuka saratani.

Wazazi huwa wazima kabisa kwa kawaida, kila mmoja akibeba nakala moja mbovu, na kila mtoto wao ana nafasi moja katika nne ya kurithi zote mbili. Nimesikia watu wakisema nyumba yenye wagonjwa wawili watatu wa utumbo imerogwa, ndugu wakaacha kusemezana. Ndugu wa mgonjwa wa namna hii wamweleze daktari habari za ukoo wao mapema, hata kama hawaumwi. Vinyama huonekana kwa kipimo cha kamera inayoingizwa katika utumbo mpana, na vikiwa bado vidogo huweza kuondolewa papo hapo.