Maneno ya Kiingereza Yaishayo kwa "ee": Yupi Mtendaji, Yupi Mtendwa?

Katika somo letu la leo twataka kutazama maneno ya Kiingereza ambayo mwisho wake ni e mbili, zisomwazo kama i ndefu. Maneno haya si ya darasani tu. Yamo katika hati za mashamba, hundi za benki, mikataba ya kazi na karatasi za mizigo, na mtu atiaye sahihi penye neno asilolijua aweza kujifunga kwa jambo ambalo hakulikusudia. Kwa hiyo twawaomba wasomaji wetu, na hasa walimu, walifuate somo hili polepole.

Tuanze na maneno mepesi. "Employ" ni kuajiri. "Employer" ni mwajiri na "employee" ni mwajiriwa. "Pay" ni kulipa. "Payer" ni alipaye na "payee" ni alipwaye. "Train" ni kumfundisha mtu kazi; "trainer" ni afundishaye na "trainee" ni afundishwaye. Basi kanuni yaonekana wazi: mwisho wa "er" au "or" ni wa mtendaji, na mwisho wa "ee" ni wa mtendwa, yaani yule ambaye tendo humfikia.

Kwa Mswahili jambo hili si geni. Sisi nasi twasema mshtaki na mshtakiwa, mdai na mdaiwa. Na wazee walisema mwia kwa mwenye kudai, na mwiwa kwa mwenye kudaiwa. Tena tunayo namna nyingine ya kale iishayo kwa e: aliyetumwa ni mtume, aliyeteuliwa ni mteule, aliyeshindwa ni mshinde, na kilichoumbwa ni kiumbe. Lugha hizi mbili hazina udugu, na kukutana kwao penye herufi hiyo ni bahati tu. Lakini ni bahati imfaayo mwanafunzi, kwani akimkumbuka mtume hatamsahau "employee".

Waingereza wenyewe waliupata mwisho huu kwa Wafaransa. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, aliishinda Uingereza, na wakubwa waliokuja naye walisema Kifaransa. Lugha hiyo ikaingia mahakamani, ikakaa humo muda mrefu. Mwaka 1362 ilitolewa sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, lakini wanasheria waliendelea kuandika Kifaransa chao na Kilatini, hata ikaja sheria iliyoanza kutumika mwaka 1733, ikaamuru Kiingereza peke yake. Ndiyo sababu maneno mengi ya "ee" yananuka wino wa mahakama mpaka leo.

Sasa tufike penye utelezi. "Mortgage" ni kuweka mali rehani, kwa kawaida nyumba au ardhi. Tuseme mtu ana shamba, naye akopa fedha benki kwa kuliweka shamba hilo rehani. Je, yeye ni "mortgagor" au "mortgagee"? Wengi hujibu upesi kwamba ni "mortgagee", kwa sababu ndiye aliyepewa fedha. Wamekosa. Neno halikutoka katika kukopesha, limetoka katika kuweka rehani. Aliyeweka ni mwenye shamba, basi yeye ndiye "mortgagor". Benki ndiyo iliyowekewa, nayo ndiyo "mortgagee". Kwa hiyo mtu asomapo tangazo la mnada lisemalo kwamba shamba lauzwa kwa amri ya "mortgagee", asidhani kwamba mwenye shamba ameamua kuuza. Anayeuza ni mkopeshaji, kwa sababu deni halikulipwa. Katika hati za Kenya za siku hizi ataona "chargor" na "chargee", na kanuni ni ile ile.

Kadhalika "lessor" na "lessee". Wa kwanza ndiye atoaye nyumba au ardhi kwa kodi, yaani mpangishaji. Wa pili ndiye apewaye, yaani mpangaji. Hapa msomaji ajihadhari, maana neno letu mpangaji lina umbo la mtendaji, hali lile la Kiingereza lina umbo la mtendwa. Asifasiri umbo kwa umbo. Na ajiulize kwanza: tendo lenyewe ni lipi, na nani alitendaye?

Katika hundi wamo watu watatu. Aiandikaye ni "drawer", benki iamriwayo kulipa ni "drawee", naye atakayepokea fedha ni "payee". Penye jina la "payee" pasiachwe wazi hata kidogo, kwa kuwa hundi ikianguka mikononi mwa mwizi, yeye atajijaza jina lake mwenyewe. Katika karatasi za mizigo, "consignor" ni apelekaye mzigo na "consignee" ni apelekewaye.

Neno "trustee" lataka uangalifu zaidi. "Trust" ni kuamini, na "trustee" ni mtu aliyeaminiwa kutunza mali kwa faida ya wengine. Mali si yake. Kiswahili humwita mdhamini. Lakini mdhamini ni pia yule ajitoaye kulipa deni la mwenziwe likimshinda, na huyo kwa Kiingereza ni "guarantor". Tumekuwa na neno moja kwa mizigo miwili isiyolingana. Aombwaye kuwa mdhamini wa mtu na aulize kabla hajashika kalamu: je, natunza, au nitalipa?

Kanuni haikosi waasi. "Refugee" ni mkimbizi, naye hukimbia mwenyewe. Neno hilo lilienea Uingereza wakati Waprotestanti wa Ufaransa walipokimbilia huko, baada ya mfalme Louis wa 14 kuifuta haki yao ya ibada mwaka 1685. "Absentee" ni asiyehudhuria. "Guarantee" mara nyingi si mtu, ni dhamana yenyewe. "Committee" zamani alikuwa mtu mmoja aliyekabidhiwa kazi. Sasa ni halmashauri nzima. Ama "coffee", "tree" na "bee", hayo hayamo kabisa katika ukoo huu.

Limebaki jambo la matamshi. Kiswahili hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na sisi huupeleka mkazo huo katika Kiingereza bila kujua. Katika maneno ya mtendwa mkazo huwa katika "ee" yenyewe: "payEE", "trainEE", "lessEE". Mwenye kuumeza mwisho huo mbele ya hakimu aweza kusikiwa amemtaja mpangishaji hali alimkusudia mpangaji. Mwalimu na ayataje maneno hayo kwa jozi, wanafunzi wasione kitabu, nao waandike kwa Kiswahili ni nani aliyetajwa.