Somo la Urithi: Nyuki, Nzige na DNA Inayohama

Wanafunzi wengi hudhani kwamba kiumbe bora ana DNA nyingi zaidi. Mwalimu aiondoe dhana hiyo mapema. DNA ya nyuki wa asali, yule atundikiwaye mizinga ya magome katika miombo ya Tabora, ilitangazwa mwaka 2006: herufi zake hazifiki milioni 300. Ya nzige wahamao, iliyotangazwa mwaka 2014, ina herufi zaidi ya bilioni 6, takriban mara mbili ya DNA ya mtu!

Sababu kubwa ni vipande vya DNA vinavyohama. Kipande cha namna hii hujinakili, nakala ikajipachika mahali pengine, nayo ikarithiwa. Katika nzige nakala zimerundikana, na za zamani hufutika polepole mno; nyuki anazo chache sana. Watoto wa Tabora waonyeshwe miembe ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji. Wapagazi wametoweka, miembe ingali yaonyesha walikopita. (Mfano huu una upungufu: mwembe haujipandi wenyewe.)

Kisha andika ubaoni "kaa" na "soma". Mtoto apachike silabi "ta" katikati ya kila neno. "Kaa" lageuka "kataa", lenye maana mpya; "soma" lageuka "sotama", lisilo na maana. Mtoto wa tatu aibandike "ta" pembeni, palipo patupu. Waulize: ni neno gani lililobadilika? Hakuna, ila ubao umejaa zaidi.